Vyombo Vyepesi, na Friji Moja

Mimi sinunui kitu kabla ya kukiinua. Wengine huuliza bei kwanza, wengine hugeuza kitu chini juu kutafuta kilikotengenezwa. Mimi nashika mpini, nanyanyua, napima kwa mkono kama kitaingia katika begi la safari bila kulipasua. Ni tabia niliyoipata Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Kambini kwetu kuna watu walioanza kungoja kuitwa kuhamia nchi ya tatu wakati watoto wao hawajaota meno, na watoto hao sasa wananyoa ndevu, lakini mtu akinunua meza bado anauliza kama miguu yake inakunjika.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu alipochumbiwa, nilimnunulia vyombo kwa mtindo huo huo. Sufuria za aluminiamu zinazoingiana, kubwa ikimeza ndogo. Sahani za plastiki ngumu. Viti viwili vya kukunja. Mkeka. Kina mama wa kanisa walipouliza walete nini, niliwaambia wasilete kinu, wasilete kabati, walete vitenge na mashuka. Walinitazama tu. Walijua sababu yangu, maana kambini hakuna siri inayolala nje ikaamka salama.

Kaka yangu na mkewe walifia Bukavu, na huyo mtoto nilitoka naye mgongoni. Nilimlea kwa cherehani, nikishona sare za kwaya na mashati ya shule. Katika ofisi ya wakimbizi tuliandikwa pamoja, watu wawili wa nyumba moja. Na mwaka aliochumbiwa ndio mwaka tulioambiwa kwamba safari yetu imekubaliwa, tungoje siku tu. Akikubali kuahirisha ndoa, tungeondoka wawili. Akiolewa, angetolewa katika safari yangu na kuanza upya na mumewe, nyuma ya watu wote, nami ningeondoka peke yangu. Hapakuwa na njia ya katikati. Niliiulizia mpaka karani wa ofisini akanizoea, akaanza kuniita mama yake.

Nilimwambia asubiri. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa ukali. Mchumba mwenyewe sikuwa na neno naye: kijana wa Kirundi, mpole, fundi wa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, anaishi na mama yake mjane upande wa pili wa kambi. Lakini vijana wapole wako kila nchi, nikamwambia, na nchi nyingine zina maji ya bomba ndani ya nyumba. Mtoto hakubishana. Aliendelea kuamka mapema kila asubuhi na kutoka, nami nikibaki kitandani nikijisemea kwamba mapenzi yamemtoa akili.

Nilimtaka aondoke nami. Naliandika neno hili bila kulipamba. Kila sufuria nyepesi niliyoiweka pembeni ya chumba, niliiweka kwa tumaini kwamba siku ya mwisho atabadili nia, na tutaifunga katika begi lake badala ya kuipeleka kwa mume.

Vitu vya umeme vilibaki vya mwisho, na hivyo tulivifuata Lilongwe. Katika duka moja la mjini nikachagua birika, pasi ndogo na jiko la sahani moja. Vyote nilivinyanyua, vyote vikanifurahisha. Nilipogeuka kumwonyesha, hayupo. Nikamkuta nyuma ya duka mbele ya friji iliyomfika kifuani. Alikuwa ameufungua mlango wake na kuingiza mkono kwenye rafu ya mlangoni, huku akimuuliza muuzaji kwa Kichewa, lugha aliyokulia, baridi inadumu muda gani umeme ukikatika.

"Toka pale," nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Ile kitu banaibebaka batu bane."

"Njo ile nataka, tante," akajibu. Tante ni shangazi, kwa Kifaransa tulichotoka nacho Bukavu.

"Na siku ya kwenda utaiweka wapi? Ku kichwa?"

"Mi siendi, tante. Nilishakuambia. We njo haukutaka kusikia."

Muuzaji alijifanya anapangusa vumbi. Niliweka birika chini pale pale, nikatoka nje. Alinifuata mpaka kwenye kivuli cha baraza, akasimama karibu nami bila kunigusa, kama alivyokuwa akifanya utotoni akijua nimekasirika. Ndipo aliponieleza habari ya mama mkwe.

Mama yule ana ugonjwa wa sukari na anajichoma sindano. Dawa yake inataka baridi. Kichupa chake kilikuwa kinalala katika friji ya muuza soda, jirani yao, lakini huyo jirani huenda Mponela kufuata bidhaa na kufunga duka, na siku hizo kichupa kinawekwa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi. Nilikiona chungu hicho siku tulipokwenda kujitambulisha. Nilidhani ni maji ya kunywa, hata nikasifu usafi wa kitambaa kilichofunikwa juu yake. Wakati wa joto kali dawa iliharibika, naye akaendelea kujichoma bila kujua.

"Nilimukuta chini," mtoto akasema. "Macho iko wazi lakini haniangalie. Anapumua mbiombio, midomo inakauka kabisa. Kijana alikuwa amekwenda kazi."

"Na we ulikuwa unafanya nini kule asubuhi yote ile?"

"Naendaga kumuchotea maji, tante. Kila siku. Miguu yake inamuuma, hawezi kufika ku bomba."

Asubuhi zote zile nilizokuwa nikimtukana kimoyomoyo kwa ajili ya mwanamume, alikuwa amebeba ndoo ya mama wa mtu. Nikajitahidi kupata kosa ndani yake, nisilipate, na hilo likaniudhi zaidi.

"Kwa hiyo umepata mama," nikasema. Nilisema vibaya, na nilikusudia.

Aliniangalia moja kwa moja. "Mama yangu njo we. Lakini we unaweza kwenda, tante. We uko na nguvu, uko na kazi ku mikono, popote utaishi. Yeye hawezi."

Nilimwonea wivu mwanamke mgonjwa. Nilikaa pale barazani, watu wa Lilongwe wakipita na mizigo yao, nikamwonea wivu kwa miguu yake inayouma. Kama ningekuwa na miguu ya namna hiyo, pengine mtoto angebaki wangu. Halafu nikasimama, nikajifunga kitenge upya, nikamwambia twende tukatafute friji, maana ile ya dukani mfuko wetu usingeiweza hata tungeuza cherehani.

Kuna mama wa kanisani kwetu anayefua nguo katika nyumba za Area 49, mtaa wa hapo hapo Lilongwe. Alikuwa ametuambia kwamba mwajiri wake mmoja anahama na mumewe aliyestaafu, wanarudi shambani upande wa Mitundu, na vitu vingi wanaviuza. Tukaenda huko. Mwenye nyumba, Mmalawi mtu mzima mwenye sauti ya chini, alitufungulia jikoni. Friji ilikuwa nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano, mguu mmoja una kutu, na mlangoni kulikuwa na alama za vibandiko vya watoto waliokwisha kukua. Aliiwasha mbele yetu, akatukalisha, akatupa chai, tukangoja mpaka mwenyewe akachukua mkono wangu na kuuingiza ndani. Ilikuwa baridi kweli. Mtoto akaangalia rafu ya mlangoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, nami nikajua imenunuliwa.

"Zikomo, zikomo kwambiri," nikamshukuru, na Kichewa changu kikaishia hapo.

Yule mama alirudia jambo moja tangu jikoni hadi getini, akilipigia mstari kwa kidole hewani. Mtoto akanitafsiria: "Anasema tusiilaze hata kidogo. Mafuta yake itaenda mahali haistahili, itakufa. Isimame mpaka nyumbani, na tusiiwashe mbele ya kesho."

Tulipata matola, pikapu ya kubeba mizigo na watu, iliyokuwa inarudi upande wetu wa Dowa na magunia matupu. Dereva alitaka kuilaza, mtoto akakataa. Akatupatia kamba, lakini kamba ilikuwa fupi. Basi nikaegemea ubavu wa friji, nikaikumbatia kwa mikono miwili, mtoto akaikumbatia upande wa pili, na kila gari lilipopita shimo tuliishikilia isianguke. Sikuwa nimeijaribu uzito kabla ya kuinunua. Nilikuja kuujua uzito wake njiani, kifuani na magotini. Upepo ulikuwa mwingi, na mikono yetu ilikutana nyuma ya friji, vidole vyake juu ya vyangu.

Wiki ile ile ofisi ilinijulisha nijiandae kwa safari. Nyumba yangu niliiahidi kwa familia iliyokuwa imebanana na jamaa zao. Mama wa familia hiyo alikuja kupima dirisha kwa ajili ya pazia. Arusi ikafanyika Jumamosi, na baada ya ibada tukaingiza vyombo.

Kina mama walitangulia wakiimba, vitenge na mashuka vichwani. Sufuria zangu nyepesi zikafuata. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti, akipokea kila kitu kwa mikono miwili kabla hakijaingia. Alipoiona friji, vijana wanne chini yake na jasho limewatoka, aliacha kuimba. Aliuliza ni ya nani. Mtoto akainama, akamwambia sikioni. Mama mkwe akaweka kiganja juu ya mlango wa friji, akakiacha pale muda mrefu, kisha akanitazama. Macho yake hayaoni vizuri, lakini mimi aliniona.

"Bamwana," akaniita, kama Warundi wanavyoitana wazazi wa pande mbili za ndoa. "Unajua umenifanyia nini?"

"Si mimi," nikamjibu. "Iko yeye."

Katika ukoo wetu vyombo vikishaingia, upande wa mume huuliza kama vyote vimefika, na shangazi hujibu kwamba hapana, kuna kitu kimesahaulika nyumbani. Kijiko, ungo, chochote. Watu hucheka, kwa sababu wanajua hakikusahaulika: kimeachwa makusudi ili bibi arusi awe na sababu ya kurudi kwao siku akitaka kulia. Shangazi yangu alisema kijiko. Mimi mwenyewe nilirudi kukifuata mara nyingi, na hakuna aliyewahi kunipa kijiko chenyewe.

Mama mkwe alikuwa amefundishwa na mwanawe. Akakohoa kidogo, akauliza kwa sauti ya sherehe: "Bamwana, vyote vimefika? Hamkubakisha kitu?"

Kina mama wakajiandaa kucheka. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama mkwe, mkono begani mwake, akinitazama mdomoni.

"Vyote biko hapa," nikasema. "Hatukubakisha kitu."

Wawili watatu walicheka wakidhani nimesahau. Mtoto hakucheka. Alitoka nyuma ya kiti, akapita katikati ya watu na gauni lake jeupe, akaja kunishika viwiko vyote viwili.

"Tante, sema kijiko," akaninong'oneza. "Sema tu. Hata kimoja."

Nilimshika uso. Ulikuwa umelowa, na wangu pia. Lakini nilikuwa nimeshamwona mama wa familia ile akipima dirisha langu, na sikutaka mtoto wa kaka yangu asimame siku moja mbele ya mlango ule, abishe, na kufunguliwa na mtu asiyemjua.

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Ni vyote."