Aliyemfundisha Venezia Kutembea

Alhamisi, tarehe 16 Mei. Joto tangu alfajiri, mawingu upande wa milimani, mvua fupi saa nane mchana. Mpunga ulioanikwa uwanjani uliwahiwa kufunikwa.

Amapola Tingson ana saluni mkabala na uwanja wa mpira wa kikapu, ambako wakulima huanika mpunga, hapa kwetu Pototan. Ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa akaandikwa mvulana, na jina aliloandikiwa siku hiyo hakuna anayelitumia tena, hata mama yake. Maharusi wote wa mtaa huu wamepita mikononi mwake, na malkia wa maandamano ya kanisa ya kila Mei pia. Mimi humwandikia daftari la wateja.

Saa nne asubuhi televisheni ilikuwa imewashwa kwenye kipindi cha umbea. Mama Soling, mke wa muuza nyama, alikuwa chini ya draya. Wiki nzima nchi ilikuwa ikibishana juu ya filamu moja mpya. Ndani yake kuna mwanamke kama Amapola, na nafasi hiyo amepewa mwanamume mwenye misuli, akavishwa wigi.

"Mwigizaji ni mwigizaji," Mama Soling alisema kwa sauti kubwa, kwa sababu ya draya. "Anayeigiza maiti mbona hajafa?"

"Maiti haombi kazi, Mama," Amapola alimjibu. "Sisi tunaomba, tunaambiwa hatufai. Halafu anakuja mwenye ndevu, ananyoa, anapewa tuzo, na tunaambiwa tupige makofi."

"Basi kacheze wewe!"

"Waniite! Si hata nywele nimeshatengeneza?"

Tukacheka. Ndipo kwenye televisheni akatokea Venezia Luz, mwigizaji aliyeikosa nafasi ile. Amapola akaacha kucheka.

Venezia ni wa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Alisoma darasa moja na Amapola, naye aliandikwa mvulana vilevile. Walipokuwa na miaka kumi na minane, Amapola alimfundisha kutembea na visigino virefu hapo uwanjani, wakati wa kuanika. Mpunga ukishatandazwa huachwa vijia vyembamba vya kupitisha reki. Venezia alipaswa kupita kwenye kijia hadi mwisho na kurudi bila kusogeza hata punje. Akisogeza, anaanza upya. Nakumbuka wenye mpunga walivyowafukuza.

Mtangazaji alimwuliza Venezia nani alimlea katika sanaa. Akafuta machozi kwa ncha ya kidole, asiharibu wanja.

"Sikuwa na mtu. Hata kutembea nilijifunza peke yangu, mbele ya kioo."

Mama Soling akatoa kichwa chini ya draya. "Mbona uliniambia wewe ndiye—"

"Rudi ndani, nywele hazijakauka."

Amapola alimfunga Mama Soling vibano, akavifungua, akavifunga tena palepale. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Pua ile si aliyozaliwa nayo. Na kulia kule, kaniiga mimi."

Saa nane kasoro dakika kumi simu ikalia. Alikuwa kijana wa kipindi kilekile. Amapola aliiweka simu mezani ili tuisikie wote.

"Dada Amapola, tumesikia mlisoma pamoja. Tunatafuta picha yake ya zamani. Ya kabla. Na jina lake la zamani, ukiwa nalo."

"Ya nini?"

"Watu wana haki ya kujua, dada. Mjadala umepamba moto."

Amapola alikwenda kwenye kopo la pini, akatoa picha kutoka chini kabisa. Wavulana wawili wa skauti, nywele fupi, mkono wa Venezia begani mwa Amapola. Nyuma ya picha mwalimu alikuwa ameandika majina yote mawili.

"Dada Amapola," nilimwambia kwa chini, "jina hilo ukilitoa halirudi."

"Yeye langu amelitaja?" Akaisogelea simu. "Ninayo. Ila nami nimo. Mtasema mimi ni nani?"

"Hapana, wewe tutakukata, dada. Watazamaji wasichanganyikiwe."

"Mtanikata."

"Utapiga picha upande wake tu. Upesi kidogo, kipindi cha kesho kinafungwa saa kumi."

Alichukua mkasi wa nywele, akaupima kwenye picha. Popote ambapo angekata, ule mkono ungebaki begani mwake. Alikaa hivyo mpaka mvua ikaanza kupiga bati na watu wakakimbilia mpunga na maturubai.

"Kijana," alisema, "mtu hanikati mara mbili kwa siku moja." Akaizima simu.

Mama Soling, aliyekuwa amebaki kwa ajili ya umbea, alisema hiyo ndiyo roho nzuri. Amapola akamkatiza: "Roho nzuri iko wapi? Wangeniweka na mimi, ningewapa." Namjua. Alikuwa anasema kweli.

Baadaye alimwandikia Venezia ujumbe, akanipa niusome kabla hajautuma: "Wanatafuta picha yako ya skauti. Ninayo, sijatoa. Na kutembea nilikufundisha mimi, mwongo mkubwa wee." Ulisomwa saa kumi na moja. Jibu halikuja. Picha ilirudi kwenye kopo.

Ijumaa, tarehe 17. Anga safi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wenye mpunga walikuwa wameshatandaza. Amapola alikuja uwanjani na viatu vyekundu mkononi, akavivaa, akaingia kwenye kijia cha katikati. Alikwenda hadi mwisho, akageuka kwa kisigino kimoja, akarudi. Hakuna punje iliyosogea. Nilikwenda kutazama mwenyewe. Kisha akavua viatu, akaenda kufungua saluni.

"Liandike hilo, Ising," aliniambia akipita. "Na tarehe."