Gari Langu Limefaulu Kipimo cha Moshi

Ndugu na marafiki, natangaza rasmi: leo gari langu kuukuu limepita kwenye mashine ya kupima moshi kando ya barabara, na ubao umewaka kijani!

Pongezi ziwekwe hapa chini.

Binti yangu Neema aliapa kwamba likifeli, tunaliuza.

Eish! Ningeliuzaje? Ndilo lililomleta nyumbani Rosettenville kutoka hospitali, akiwa mchanga mikononi mwa mamake. Niliendesha polepole, nikiwachungulia kwenye kioo, watu nyuma wakinipigia honi.

Sasa Neema anasoma haya begani kwangu.

"Papa, sema ukweli."

Haya. Tulipopita kwenye mashine, injini ilikuwa imezimika. Neema ndiye aliyekuwa ananivuta kwa kamba na gari lake, polepole, akinichungulia kwenye kioo.