Maziwa ya Kondoo wa Ngoliba

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa shamba moja la kondoo nje ya Ruiru alinipeleka moja kwa moja bandani. Alikuwa mtu mkali, wa maneno machache. Aliniambia nibonyeze mgongo wa kondoo aliyekuwa akinyonyesha mapacha.

"Unasikia nini?"

"Mifupa."

"Anajila mwenyewe ili watoto wanyonye. Kazi yako ni kumlisha kabla hajajimaliza."

Pale nilijifunza kwamba kondoo hutoa maziwa mengi zaidi majuma ya kwanza baada ya kuzaa, na nyasi pekee hazimtoshi mwenye mapacha. Tulimwongezea pumba za mahindi kidogo kidogo, maana ukimjazia ghafla tumbo huchacha na anaweza kufa. Tulimpa pia lusani, majani yanayojenga mwili, na chumvi ya kulamba.

Baadaye niliajiriwa kuwa afisa wa mifugo, nikapelekwa Ngoliba, kule chini kwenye joto. Ukame ulikuwa umeingia. Mama Njoki, aliyefuga peke yake tangu mumewe afariki, aliniita. Kondoo wake walikuwa wakiwapiga watoto teke kila walipotaka kunyonya. Nilimkuta shemeji yake amesimama hapo na kamba mkononi.

"Daktari, mwambie tuchinje hawa wakubwa kabla hawajakonda zaidi," alisema. Huko kila afisa wa mifugo ni daktari.

"Na hawa wadogo watanyonya nani?" Mama Njoki akamuuliza. "Mimi sichinji."

Nilishika viwele. Havikuwa na uvimbe wala joto. Vilikuwa vitupu tu. Nikauliza kondoo wanakunywa maji wapi. Mtoni, akasema, mara moja kwa siku, na ni mbali. Hapo nikaelewa. Asiyekunywa hawezi kutoa maziwa.

Nilimpigia simu msimamizi wangu Thika. "Chakula cha kugawa hatuna," alisema. "Tumia kilicho hapo, na usiondoke mpaka kondoo hao wapate nguvu."

Basi tukawatenga wenye mapacha, wakabaki nyumbani. Mama Njoki akawa anawaletea maji mgongoni mwa punda asubuhi na jioni. Alikata majani ya viazi vitamu kwenye kishamba chake kando ya mto, tukayaanika kidogo, tukachanganya na pumba. Shemeji alinung'unika, kisha naye akaanza kubeba mitungi.

Mwanakondoo mmoja tulimpoteza, na iliniuma. Lakini viwele vya kondoo wale vilianza kujaa, na asubuhi moja tuliwakuta watoto wamepiga magoti wakinyonya, mikia ikicheza.

Sasa nimestaafu, naishi Witeithie. Vijana hunipigia simu wakitaka dawa ya kuongeza maziwa. Nawaambia waanze na maji safi na chakula, kisha wasichoke. Kuchoka kwa mfugaji kumeua wanakondoo wengi niliowaona.

Juzi nilipita kwa Mama Njoki, jua kali, koo limenikauka. Alinipa kiti, akachukua ndoo ya maji, akanipita kwenda bandani.

"Subiri kidogo, daktari," alisema. "Kuna wamama wananyonyesha."

Nikakaa, nikasubiri.