Ua Nililomshonea Mama

Nimerudi hapa Morotonga kugawa vitu vya mama, wiki mbili baada ya kumzika. Sijalia bado, rafiki yangu. Siku ya mazishi shangazi zangu walijitupa chini, mimi nikawa naangalia kama viti vya kukodi vinatosha. Walinitazama vibaya, na sikuwalaumu. Leo nimefungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya vitenge, nimekuta kitambaa cheupe kwenye mfuko wa nailoni, kina ua jekundu. Nikakijua hapo hapo, maana hadithi yake nimeisimulia hadi watu wameichoka.

Nilikuwa darasa la tatu. Mdogo wangu alifariki kabla hajaanza kutambaa, na mama akaacha kusema. Kulia hakulia. Alipika ugali wa mtama, alikamua, alichota maji, lakini ukimwamkia shikamoo anakutazama tu. Bibi alitukataza kulitaja jina la marehemu, eti mama asahau haraka. Basi nyumba nzima tukawa kimya, ukisikia kengele za ng'ombe wanarudi unashukuru.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno mengi kama redio, ndiye aliyemshika mkono akampeleka kanisani. Kila Alhamisi mchana wanawake walikaa pale barazani kushona maua kwenye vitambaa. Mwalimu wao alikuja kwa baiskeli kutoka Issenye, kapu la nyuzi nyuma. Chai ya rangi ilikuwepo, na viazi vitamu vya kuchemsha. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ana nini. Aliyetaka kusema alisema, wengine wakaitikia huku sindano zinaenda, na jirani akitania mtu walicheka hadi kikombe kinamwagika. Mimi nilikuwa nakaa miguuni pa mama baada ya shule, na mkono wangu ulikuwa mwepesi, walinisifia. Sheria ilikuwa moja, mwalimu aliirudia kila mara: "Kazi ya mwenzio usiifumue. Hata ikipinda, iache. Ndivyo alivyo leo."

Wiki nyingi mama alishika kitambaa tu. Halafu Alhamisi moja sindano yake ikaenda, na uzi mweusi. Nilifurahi jamani! Lakini tulipofika nyumbani nikakichungulia, nikaona vurugu tupu, kama kuku ameparua. Na Jumapili vitambaa vyote vilikuwa vinatundikwa kwenye waya, watu wakitoka ibadani wavione. Niliona aibu. Jumamosi mama alipoenda mnadani nikachukua wembe, nikafumua yote, nikashona ua jekundu lenye majani mabichi. Nilijichoma kidole mara tatu. Ile sheria nilijua ni ya watu wazima.

Mama aliporudi alikishika kitambaa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya ua. Kisha akasema, "Umeshona vizuri, mwanangu."

Mama amesema! Nilikimbia hadi kwa jirani napiga kelele, naye akapiga vigelegele vikasikika hadi barabarani. Mwalimu peke yake ndiye aliyeniuliza, "Pale ulifumua nini?" Nikamjibu, uchafu tu.

Tangu siku hiyo mama aliongea: chumvi imeisha, mvua imechelewa, sketi yako ya shule iko wapi. Barazani hakurudi tena. Tukasema amepona, na aliyemponya ni mimi. Nimekua na sifa hiyo.

Sasa leo nimekikunjua kile kitambaa, ikadondoka kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Sikujua kama ilibaki. Jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Nikakigeuza kitambaa upande wa nyuma. Kuna vipande vya uzi mweusi nilivyoshindwa kuvivuta, na kati yake matundu ya sindano. Nikayafuata kwa kidole, kadi iko pembeni. C. Halafu H, imelala ubavu. Halafu A. Mama hakusoma hata darasa moja. Alikuwa anainakili ile kadi, herufi moja moja, na alifika ya tatu.

Chacha. Mdogo wangu aliitwa Chacha.

Lile baraza limezibwa, ni stoo ya viti vya plastiki. Jirani alishatangulia. Mwalimu alihama, na sijui wanawake wale siku hizi wanapeleka wapi mambo yao. Nilitegemea nitalia sasa. Nimekaa hapa kwenye mkeka na mkono umekufa ganzi, basi.

Shangazi amechungulia mlangoni, akauliza nimepata nini humo. Nikamwambia kitambaa tu, ua nililomshonea mama nikiwa mdogo. Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga, upande wa mbele.

"Ulimshonea vizuri," akasema.

Nikamwambia ahsante.