Bunduki ya Kumsimamisha Kiboko

Tangu ziwa lipande na kuingia katika nyumba za watu, viboko nao walihama na maji. Zamani walilala kwenye matete ya mdomo wa mto Ruzizi. Sasa tukawa tunawakuta kwenye mashamba ya mpunga, nyuma ya shule, mara nyingine barabarani kabisa. Mimi ni mlinzi wa wanyama, na sehemu kubwa ya kazi yangu ikawa kuwaomba watu wawapishe njia. Viboko wengi hawakuwa na neno na mtu. Dume mmoja tu alikuwa na donda begani. Watu fulani walikuwa wamemmiminia risasi za bunduki za kivita, ndogo mno kwa mwili wake, zikamwachia maumivu na uhai. Baada ya hapo hakumkimbia mtu tena. Siku alipomwua mvuvi aliyekuwa akishona nyavu zake ufukweni, ruhusa ikatoka kwamba auawe.

Kazi ilitufikia wawili: mimi na mwenzangu, mzee mwenyeji wa Lemera aliyekuwa karibu kustaafu. Alifanya kazi miaka mingi na marehemu baba yangu, aliyekuwa mlinzi wa wanyama kabla yangu, na kwa sababu hiyo aliniita binti yangu hata mbele ya wakubwa.

Stoo yetu ilikuwa na bunduki mbili nzito za kuwindia, zote za komeo. Ukishapiga, unainua kile kipini cha chuma cha pembeni, unakivuta nyuma ganda la risasi litoke, unakisukuma mbele risasi nyingine iingie. Mkono wako usipofanya kazi hiyo, bunduki inabaki chuma tu. Moja ndiyo aliyoibeba baba yangu miaka yote ya kazi yake. Kitako chake cha mbao nyekundu kilikuwa kimelainika mahali alipoegemeza shavu. Ile nyingine mtu alikuwa ameipaka rangi ya buluu ya mitumbwi, na komeo lake lilikwaruza kama jiwe la kusagia.

“Weye utabeba ile ya baba yako,” mzee aliniambia, kama jambo lililokwisha.

“Tuzipime zote mbili, mzee.”

“Tuzipime. Lakini ile minye naijua.”

Tulikwenda kwenye korongo la mawe, chini ya milima. Huku kwetu mlio wa bunduki hauachi mtu akae, kwa hiyo tulianza kwa shefu wa kijiji. Alizunguka na kipaza sauti akitangaza kwamba watu wasiogope, ni walinzi wa wanyama wanajaribu bunduki. Tukangoja hadi akamaliza. Hata hivyo, nilipopiga risasi ya kwanza, akina mama walitoka kwenye mihogo wakishuka njia haraka haraka. Mmoja alikuwa na godoro kichwani. Sijui alilichukua saa ngapi.

“Munapigana na nani?” aliniuliza.

“Hatupigani, mama. Tunapima bunduki ya kuua kile kiboko.”

Alitazama bunduki, akanitazama mimi. “Kila mara wanasema ivi,” akasema, akaendelea kushuka na godoro lake.

Tulingoja hadi njia ikawa tupu kabla ya kupiga tena. Nilitamani kumkimbilia, nimweleze vizuri, lakini ningemwambia nini ambacho hajawahi kuambiwa?

Shabaha yetu ilikuwa gunia la mchanga lenye duara la mkaa, ukubwa wa sahani, kwa kuwa sehemu ya kumwangusha kiboko papo hapo, kati ya jicho na sikio, si kubwa kuliko hiyo. Tuliliweka karibu. Kiboko aliyejeruhiwa humpigi kutoka mbali. Anatoka kwenye matete akiwa tayari yuko juu yako. Hapo hutafuti bunduki inayopiga mbali. Unatafuta ile ambayo risasi yake ya pili itatoka.

Bunduki ya baba ilinikaa begani kama iliyonijua. Risasi zake za kwanza ziliingia katikati ya duara, na mzee akacheka kwa furaha. Kisha nikaanza kupiga kwa haraka, bila kuishusha begani, jinsi ambavyo ningefanya kiboko akija. Nikavuta komeo, likaja tupu. Ganda lilikuwa limebaki ndani ya mtutu.

“Umevuta polepole,” mzee alisema.

Nikalitoa ganda kwa kijiti, nikapiga tena. Ikafanya vizuri, kisha ikakwama vilevile. Mzee aliichukua, akaifuta kwa mafuta, akaikausha kwa shati lake mwenyewe, akapiga yeye. Ikakwama mikononi mwake pia. Tukaitazama mwangani: kile kikucha kidogo cha komeo, kinacholishika ganda na kulivuta, kilikuwa kimelika.

“Labda ni masasi,” alisema. “Masasi mengine iko mabaya.”

Tukatia risasi za boksi lilelile kwenye ile ya buluu. Ilinipiga bega vibaya, na risasi zake zilikwenda kushoto mpaka tulipogonga chuma cha kulengea kikasogea kidogo. Lakini kila nilipovuta komeo, ganda liliruka. Niliielekeza juu, nikailaza ubavu, nikashika komeo kwa mikono yenye maji na mchanga. Ganda liliruka kila mara.

Mzee alikaa juu ya jiwe. “Nitaona vibaya kuiacha ile ya baba yako,” alisema.

“Hata minye.”

Ndipo nikajua kwamba nilikuja pale nikiwa nimeshachagua. Nilitaka kuibeba ile ya baba ili niwe na baba kwenye matete. Kupima kwangu kulikuwa kutafuta ruhusa tu. Nilitokwa na machozi, na mzee akageuka akatazama upande wa ziwa hadi nikamaliza. Jioni niliifuta bunduki ya baba, nikaifungia stoo.

Kiboko tulimkuta baada ya siku chache, asubuhi, penye shamba la mpunga lililofunikwa na maji. Tulifuata nyayo zake, mimi mbele na ile ya buluu, mzee kando yangu akibeba risasi za akiba. Matete yakatikisika, kisha akatoka akiwa amefungua mdomo, mwepesi kuliko mwili ule unavyostahili. Nilipiga. Risasi ilimwingia chini ya nilipolenga, naye hakusimama. Sikumbuki kuamua kuvuta komeo. Nakumbuka lile kwaruzo lake, na kipini kikirudi mbele hadi mwisho. Nikapiga tena. Magoti yake ya mbele yakakunjika na kichwa chake kikaingia majini, karibu nasi kiasi kwamba tope lilitujaa usoni.

“Ongeza ingine,” mzee alisema. Nikaongeza, ingawa alikwisha kufa.

Watu walikuja na visu na mabeseni hata kabla hatujawaita. Palikuwa na kelele na vicheko, na mimi nilikaa kwenye tuta la shamba, mkono wangu hauwezi kufungua chupa ya maji. Nililiona lile donda la begani, limeoza, limejaa funza. Nilimwonea huruma, na sikuona aibu kumwonea huruma.

Mjane wa yule mvuvi alifika baadaye, amevaa kitenge cheusi. Watu wakampisha. Mzee akamkatia nyama nzuri ya paja, akamnyooshea kwa mikono miwili. Hakuipokea. Alimzunguka kiboko polepole, kutoka kichwani hadi mkiani.

“Minye nilizania iko mukubwa zaidi,” alisema.

Akaja akakaa karibu yangu kwenye tuta. Nilimpa chupa ya maji, akanifungulia, akaninywesha kwanza mimi, kisha akanywa yeye.