Mlima wa Pazia Nyuma ya Mume Wangu

Picha pekee ya marehemu mume wangu ilipigwa Mutomo, Ijumaa ya mwisho ya Novemba, mwaka mmoja kabla ya binti yetu kuzaliwa. Studio ilikuwa na pazia lililochorwa mlima wa theluji na ngazi ya kifahari. Alisimama mbele yake, mkono mmoja ukielekea ngazi, kana kwamba nyumba ni yake.

Jumatatu ya Pasaka iliyopita, binti yetu, fundi wa kompyuta, aliahidi kumtoa baba yake kwenye karatasi. Nilianza shule nikiwa mama wa watoto watatu, lakini maelezo yake niliyaelewa mara moja. Kila jicho huona kwa upande wake. Kwa hiyo kompyuta hukadiria umbali wa kila kitu pichani, kisha kutokana na picha moja huunda mbili, moja kwa kila jicho. Mimi nilitaka jambo moja tu: kuuona tena uso wake ukiwa na kina chake, pua ile ikinielekea.

Nikavaa miwani ya boksi yenye simu ndani. Mlima ulikuwa mbali ajabu. Mume wangu alikuwa bapa kama chapati, sikio limevutika kama chingamu, na mkono umeondoka pamoja na ngazi.

"Umemkata baba yako mkono!"

"Si mimi, mwaitu," akajitetea, akiniita mama kwa lugha yetu. "Kompyuta imedhani mlima ni wa ukweli. Imeusukuma mbali, ikabeba na mkono. Halafu pengo lililobaki kando ya kichwa ikaliziba kwa kuvuta sikio."

"Theluji, Mutomo, kwenye joto lile? Hata mbuzi wa kule wangeicheka."

Siku ile ya kupigwa picha nilikuwa nimeketi mlangoni pa studio, koti lake mapajani. Nikamwambia binti yangu kwamba pazia lilikuwa hatua moja tu nyuma ya baba yake, tena lilikuwa na mkunjo chini. Akafungua picha ya kijivu inayoonyesha umbali, ambamo cheupe ni karibu na cheusi ni mbali, akaanza kuirekebisha kwa mkono.

"Pua niiweke hapa?"

"Ilete mbele."

"Hapa?"

"Zaidi. Usiionee haya, hata wewe umeirithi."

Alicheka hadi akaiachilia kazi kwa muda.

Nilipovaa miwani tena, pazia lilikuwa pazia, na theluji ilikuwa rangi tu. Mbele yake alisimama mume wangu, mzima, mkono wake huru hewani, na ile pua imetangulia. Kola yake ilikuwa imepinda. Nikanyoosha mkono niiweke sawa.

"Mwaitu, hilo ni shavu langu!"

"Basi sogea," nikamwambia. "Umesimama kati yetu."