Mtaa Unaoitikia Hodi

Kazini kwake, kwenye duka la dobi, walimwita Mpekuzi, na jina halikumkosea. Nguo haiingii kwenye mashine kabla mifuko yake haijapekuliwa, na yeye amepekua mifuko ya watu tangu akiwa msichana. Ameshakuta pete ya ndoa kwenye suruali ya bwana aliyejinadi kwamba hajaoa. Ameshakuta risiti ya baa kwenye koti la mtu ambaye mtaa mzima ulimsifu kwa ucha Mungu. Basi ukimwambia fulani ni mtu mwema, yeye huguna tu na kuendelea kukunja mashuka.

Nyumbani nako hakuwa mwingine. Mtu akipiga hodi, yeye huuliza, "Nani?" na kabla hajajibiwa hupaza sauti, "Hatununui kitu!" Mumewe, dereva wa malori ambaye kuonekana kwake nyumbani ni kwa kudra za Mungu, alizoea kumtania kwamba iko siku hata yeye atafukuzwa mlangoni kama muuza mafagio.

Kilichomtia wazimu wa kuhama ni mvua. Binti yao wa pekee, Kipusa, mtoto wa darasa la tatu, alipoteza ufunguo akitoka shule. Mama mtu aliporudi jioni alimkuta kwenye ngazi za jengo, kalowa chapachapa, meno yakigongana. Homa ikamlaza. Kesho yake Mpekuzi akabadilisha kitasa, kwa maana ufunguo uliopotea haukosi aliyeuokota, na aliyeuokota hakosi nia. Kisha akamwita dalali.

"Jengo zima limejaa watu," alimwambia, "na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwanangu aingie."

Jambo hilo lilimuuma hadi usingizi ukampaa. Kazini haruhusiwi kwenda na mtoto, mume yuko barabarani, na mchana, shule ikishafungwa, Kipusa hana mtu ila majirani. Alitaka mtaa ambao mtoto akikwama, mlango mmoja utafunguka. Mengine yote angeyavumilia.

Dalali alimzungusha jiji zima. Kwake yeye kila mtaa ulikuwa "wa familia, dada yangu," hata ule uliobanwa kati ya gereji na ukumbi wa muziki. Mpekuzi hakutazama vigae wala kufungua bomba. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa jirani, akaita hodi, akatega sikio. Wakijibu "Nani?" aligeuza.

"Lakini jiko hujaliona," dalali alilalamika.

"Jiko litamfungulia mwanangu mlango?"

Alikusanya "nani" za kila namna. Zilikuwapo za ukali, za usingizi, na za kunong'ona nyuma ya pazia. Kwenye nyumba moja aliitikiwa na mbwa, na dalali akatangulia kutoka mbio. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba neno hilo lilikuwa lake pia.

Hatimaye wakafika kwenye mtaa wa nyumba za chini, nguo zimeanikwa mbele, na watoto wamechora mistari ya kurukia kwa chaki barabarani. Mpekuzi akaita hodi.

"Karibu! Pita ndani," sauti ikajibu.

Akatoka mwanamke mnene, mikono ina unga hadi viwikoni. Aliwavutia viti kwa mguu, wala hakuuliza wao ni akina nani. Mpekuzi alikaa ukingoni mwa kiti. Walipotoka tu, alimshika dalali mkono.

"Umempanga yule?"

"Haki ya Mungu simjui."

"Anayekukaribisha bila kukujua ana lake jambo."

Siku iliyofuata akaomba ruhusa kazini, akarudi peke yake, akajaribu mlango mwingine. "Karibu." Akajaribu wa tatu, kwa mzee aliyekuwa akitengeneza redio. "Karibu, mwanangu, angalia waya hizo." Mtu mwingine angefurahi. Yeye shaka ilimzidi. Mtaa mzima unakaribisha, kwa nini? Wanaficha nini? Penye urembo ndipo penye urimbo, alijikumbusha, akaenda zake bila kuaga vizuri. Jioni dalali akapiga simu kusema kuna familia nyingine inaitaka ile nyumba, na jibu linatakiwa asubuhi.

Alikuwa akipiga pasi sare ya shule huku akilipima jambo hilo, Kipusa mezani na hesabu zake, hodi ikasikika.

"Nani?"

"Jirani yenu wa chini."

"Hatununui kitu!"

"Siuzi kitu, mama Kipusa. Nimeleta ufunguo."

Mpekuzi akafungua upenyo wa kiganja. Alikuwa yule bibi wa miwani wa ghorofa ya chini, ambaye salamu zao hazikuwahi kuvuka "hujambo". Mkononi alikuwa na ufunguo wenye uzi mwekundu, ule ule wa Kipusa. Mpekuzi alikishukuru kitasa kipya.

"Umekaa nao muda wote huu?" aliuliza, kwa sauti ya polisi.

"Niliuokota bustanini baada ya ile mvua. Nimepanda ngazi hizi mara kadhaa. Kila nikipiga hodi naambiwa hamnunui."

Bibi hakusema kwa hasira. Alichungulia kwenye upenyo, akamwona mtoto, akatabasamu. "Umepona, mjukuu wangu? Siku ile nilikubembeleza uingie kwangu ukakataa katakata. Hata taulo nililokuletea ulinirudishia."

Mpekuzi akageuka. "Ni kweli?"

Kipusa alilikodolea macho daftari. "Wewe ndiye unayesema kila siku, mama. Anayekukaribisha ana lake jambo."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani. Mpekuzi, ambaye hajawahi kuunguza nguo ya mteja, aliitoa pasi juu ya sare na kukuta kola imegeuka kahawia. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona hofu: angeweza kumhamishia mtoto huyu kwenye mtaa wowote duniani, naye angekaa nje kwenye mvua vile vile.

"Mama," Kipusa akauliza, "kule tunakohamia, wakiniambia karibu, niingie?"

Mpekuzi aliiweka pasi pembeni. Alikwenda mlangoni, akaufungua wote, akasogea pembeni.

"Karibu ndani," akasema.

Bibi hakuingia. Alimtazama usoni, akatazama chumba, akamtazama tena.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Ingia tu, mwanangu aone."